Ampli tano ndani ya salo moja: namna ya kuzilinganisha bila kujidanganya

Katika komine ya Kadutu, mjini Bukavu, kuna mwalimu mmoja wa sekondari ambaye ana ampli tano ndani ya salo yake. Zimepangwa kwenye etajeri ya mbao, moja juu ya ingine, na nyuma yake fili zimejaa kama mizizi. Majirani wanamchekaka: "Mwalimu, uko na masikio mawili tu, ampli tano ni za nini?" Yeye anajibu kwamba kuna wenye kuchunga njiwa, kuna wenye kukusanya viatu, yeye anapenda kusikia rumba vizuri.

Lakini mwaka huu, mwezi wa nane, kicheko kiliisha. Minerval ya watoto watatu ilikuwa inakaribia, na mama watoto alisema wazi: hapa ndani kuna pesa imekaa kwenye etajeri. Mwalimu alikubali kuuzisha moja, pengine mbili. Swali likabaki: ni gani? Ile yenye bei kubwa ndiyo yenye sauti nzuri? Kama ukiuzisha nzuri na kubaki na mbaya, utajuta miaka yote.

Watu wanaopenda muziki wa nyumbani ni wengi katika miji yetu, Goma, Uvira, Butembo, Bunia, Kalemie. Wengi wana ampli zaidi ya moja: ya okazio iliyotoka Ulaya, ya fundi wa mtaani, ndogo ya kutumia na batri. Makala hii inaeleza ampli ni kitu gani, namna ya kuzilinganisha kwa haki, na hatari ambazo zinaweza kuunguza ampli, bafle, ao hata mtu mwenyewe.

Ampli inafanya kazi gani

Simu, redio ao deki ya CD inatoa umeme mdogo sana unaobeba muziki. Umeme huo hauwezi kusukuma bafle. Ampli inauchukua na kuukuza, kwa kutumia nguvu inayotoka kwenye prizi ao kwenye batri. Ampli nzuri inapaswa kuukuza tu, bila kuongeza kitu na bila kupunguza kitu.

Kuna aina nne ambazo mkaaji wa kwetu anaweza kukutana nazo:

Ampli ya lampu. Ndiyo ya zamani kabisa. Mwaka 1906, Mmarekani Lee de Forest alitengeneza lampu ya sehemu tatu ambayo baadaye ilitumiwa kukuza sauti. Ampli hizi zina joto kali na uzito, na ndani yake kuna volti mia kadhaa. Leo ni wachache wenye nazo.

Ampli ya transista. Transista ilizaliwa mwaka 1947 katika maabara ya Bell, kule Marekani. Tangu miaka ya 1960 ilianza kuchukua fasi ya lampu ndani ya nyumba. Ampli nyingi za okazio tunazoziona, zile nzito za Japani ao za Ulaya za miaka ya 1970 na 1980, ni za transista.

Ampli ya chipu. Hapa transista zote zimefungwa ndani ya kipande kimoja kidogo chenye miguu, kwa mfano TDA2030 ao LM3886. Mafundi wetu wanazipenda juu zinapatikana kwa bei ndogo na kazi ya kuunganisha si ngumu.

Ampli ya klasi D. Ni zile ndogo sana za siku hizi, nyingi zinatumia chipu kama TPA3116. Zinafungua na kufunga umeme mara mamia ya maelfu kwa sekunde, na hivyo hazipotezi nguvu nyingi kwa joto. Karibu 90 kwa mia ya umeme zinaochukua inaweza kufika kwenye bafle zikifanya kazi kwa nguvu. Ampli ya transista ya kawaida inapoteza karibu nusu, na hata ikinyamaza inaweza kula wati 20 ao 30.

Kwa mwenye pano ya jua, tofauti hiyo ni kubwa. Batri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1200. Ukitumia nusu tu kusudi batri isife mapema, unabaki na 600. Ampli inayokula wati 30 itaimaliza kwa saa 20, bila kuhesabu ile inayopotea ndani ya konvertisere. Ndogo ya klasi D inayounganishwa moja kwa moja kwenye batri inaweza kupiga siku nyingi.

Wati za kweli na wati za sokoni

Kwenye soko utaona ampli nyepesi kama sahani imeandikwa "wati 3000". Usiamini. Mara nyingi ni hesabu ya kuuzisha tu. Wati za kweli ni zile ambazo ampli inaweza kutoa bila kukatika kwa muda mrefu. Kwenye karatasi zinaandikwa RMS.

Kuna njia mbili rahisi za kuhakikisha. Ya kwanza: geuza ampli, soma kibati cha nyuma. Kama kimeandikwa inakula wati 60, haiwezi kuendelea kutoa wati 3000, juu hakuna mashine inayotoa kuliko inavyopokea. Ya pili: angalia volti. Ampli ya volti 12 isiyokuwa na sehemu ya kupandisha volti, na bafle ya om 4, itatoa karibu wati 15 hivi kila upande kabla sauti kuanza kupasuka. Ndiyo sababu hata redio ya gari iliyoandikwa "4 x 50" haifiki pale.

Tena, wati nyingi hazina maana kama unavyofikiri. Ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu, kitu ambacho sikio linasikia kidogo. Kusudi sikio liseme "sasa imekuwa mara mbili", inaomba wati karibu mara kumi. Bafle ya kawaida inayotoa desibeli 90 kwa wati moja, ukiwa metre moja mbele yake, tayari inasikika kwa nguvu. Ndani ya salo ya metre nne, watu wengi wanasikiliza na wati moja ao mbili, na zile zingine ni za akiba wakati ngoma na besi zinapiga.

Mfano unaojulikana ni NAD 3020, iliyotoka mwaka 1978. Kwenye karatasi iliandikwa wati 20 tu kila upande. Lakini ilikuwa na akiba nzuri ya kusukuma bafle ngumu kwa muda mfupi, na bei yake haikuwa kali. Mpaka leo watu wanaitafuta. Mwalimu wetu anayo moja, aliinunua kwa mtu aliyekuwa anahama.

Kwa nini masikio yanatudanganya

Mwalimu alikuwa na uhakika. Kati ya zile tano, aliyoiheshimu zaidi ilikuwa ampli kubwa ya Japani, yenye uso wa alumini na sindano mbili zinazocheza na muziki. Wageni wote wanaisifu. "Hii ina sauti ya tajiri," anasema.

Shida ni kwamba sikio halisikilizi peke yake. Jicho linaliambia. Uzito unaliambia. Bei uliyolipa inaliambia. Na kuna mtego mkubwa kuliko yote: kati ya ampli mbili, ile inayopiga juu kidogo, hata kama tofauti ni ndogo mpaka huitambui kama "juu", sikio litasema ndiyo nzuri, ndiyo safi, ndiyo yenye besi. Butoni ya volimu kuwa fasi moja kwenye ampli mbili haimaanishi sauti ni sawa. Kila ampli inakuza kwa kipimo chake.

Kwa hiyo kulinganisha kwa kawaida, yaani kuzima moja, kubadilisha fili, kuwasha ingine na kusema "ah, hii ni bora", hakutoi jibu. Dakika mbili zikipita, akili imekwisha kusahau ya kwanza.

Namna ya kulinganisha kwa haki

Mwalimu alifanya hivi, pamoja na binti yake wa darasa la tano sekondari, siku mbili mfululizo.

Kwanza, kila kitu kibaki kimoja: bafle zilezile, fasi ileile, kiti kilekile, wimbo uleule kutoka kwenye simu ileile. Butoni za besi na za sauti nyembamba ziliwekwa katikati, na ile ya "loudness" ikafungwa. Ampli nyingi zinaonekana tofauti juu tu ya butoni hizo.

Pili, kusawazisha volimu kwa multimeta, siyo kwa sikio. Unapiga kupitia simu mlio mmoja ulionyooka, tuseme wa hertz 200. Programu za bure za kutoa mlio huo zipo. Unaweka multimeta kwenye volti za AC, ncha zake mbili kwenye fili za bafle moja. Unapandisha volimu polepole mpaka isome volti 1. Ampli ya pili, vilevile, mpaka isome volti 1. Tofauti isipite mia moja ya volti, ndiyo kusema karibu desibeli 0.1. Angalizo: multimeta za bei ya chini sana kwenye AC zinaonyesha sehemu ya kumi tu, hapo inaomba kuazima ingine kwa fundi.

Tatu, msikilizaji asijue ni gani inapiga. Binti alitundika kitenge mbele ya etajeri. Kwanza alimsikilizisha baba yake ampli A na ampli B akimtajia ni gani. Kiisha kila zamu alitupa franga ya chuma ya zamani: upande mmoja anaweka A, upande mwingine B. Baba anaandika kwenye karatasi, binti anaandika kwenye yake. Hawaongei. Mara kumi kwa kila ampli mbili.

Nne, wimbo mfupi, sekunde 20 ao 30, unaorudiliwa. Walichagua kipande cha rumba chenye sauti ya mwimbaji, gitaa ya mi-solo na besi, juu hapo unasikia juu, katikati na chini kwa wakati mmoja.

Angalizo kubwa kwa atakayejaribu: usiunganishe kamwe ampli mbili kwenye bafle moja kwa wakati mmoja. Moja itasukuma umeme ndani ya ingine na zote mbili zinaweza kuungua. Zima ampli, toa fili za ya kwanza zote mbili, nyekundu na nyeusi, ndipo uweke za ya pili. Ukitaka butoni ya kuchagua, iwe ile inayoachia ya kwanza kabla ya kushika ya pili, na inayokata nyekundu na nyeusi. Katika ampli nyingi za klasi D ile nyeusi siyo masi, kwa hiyo usiiunganishe na nyeusi ya ampli ingine.

Karatasi zilisema nini

Kubahatisha tu kunaweza kukupa tano juu ya kumi, hata sita ao saba. Lakini kupata tisa ao kumi kwa kubahatisha kunatokea karibu mara moja tu kwa mia. Kwa hiyo tisa ni alama ya kuanza kuamini.

NAD na ile kubwa ya Japani: mwalimu alipata tano juu ya kumi. Aliomba kurudilia. Alipata nne. Alikaa kimya kidogo, kiisha akamuuliza binti kama kweli alikuwa anabadilisha fili. Binti akamwonyesha karatasi.

NAD na ile ndogo ya klasi D, kwa volimu ya chini: sita. Walipopandisha volimu sana alipata kumi, juu ile ndogo ilianza kupasua sauti ya besi. Tofauti hapo ni ya nguvu.

Ile ya nne, ya okazio kutoka Ulaya: tisa. Lakini sababu haikuwa "tabia" yake. Upande wa kushoto ulikuwa chini kidogo, potensiometa ya volimu ilikuwa imechoka. Baada ya kusafishwa na dawa ya kontakti, matokeo yalishuka mpaka sita.

Ya tano ni ile ambayo marehemu baba yake alitengenezewa na fundi wa mtaani, miaka mingi iliyopita: sanduku la mbao, chipu mbili, transfo kubwa. Kumi juu ya kumi, bila shaka yoyote. Ina mvumo wa chini, mmm, unaousikia wimbo unapotulia.

Jambo hili siyo geni. Mwaka 1978, kule Uingereza, kampuni ya Quad iliweka ampli zake tatu kwa wasikilizaji wenye ujuzi bila kuwaambia ni gani inapiga: Quad II ya lampu ya mwaka 1953, na mbili za transista, 303 na 405. Majibu yao hayakupita kubahatisha. Haimaanishi ampli zote ni sawa. Inamaanisha kwamba ampli zilizotengenezwa vizuri, zisizo na ugonjwa, zinazopiga chini ya mpaka wa nguvu zao, zinafanana kuliko tunavyopenda kusema.

Tofauti zilizo za kweli ni hizi: mvumo na kelele, nguvu ya kutosha, uwezo wa kusukuma bafle ya om 4 bila kupasha moto kupita, butoni zilizochoka, umeme inaokula, na kama fundi wa kwetu anaweza kupata vipuri. Pesa yako iweke hapo. Na kama kweli unataka sauti ibadilike, badilisha bafle ao fasi inapokaa, utasikia mara moja.

Kabla ya kununua ya okazio

Soma volti nyuma. Umeme wetu ni volti 220. Ampli iliyotengenezwa kwa soko la Japani inaomba volti 100, ya Marekani na Kanada volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja, fyuzi ikikuhurumia itakatika, isipokuhurumia ni transfo. Zingine zina butoni ya kuchagua volti; zisizo nayo zinaomba transfo ya kushusha.

Pima kabla ya kuweka bafle yako. Washa ampli bila muziki wala bafle, weka multimeta kwenye volti za DC, fasi ya kutokea bafle. Isome milivolti chache. Chini ya 50 ni sawa. Ikisoma volti nzima, usiweke bafle, itaungua.

Zungusha butoni zote ukisikiliza. Mkwaruzo mdogo mara nyingi ni vumbi. Upande unaopotea na kurudi unaweza kuwa relee ao mahali palipochomelewa vibaya.

Kwa ampli iliyolala miaka, mwambie fundi aiwashe kwanza na balbu ya zamani ya wati 60, ile ya uzi, iliyounganishwa mfululizo na umeme. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti ndani. Ikiwaka kidogo kiisha ikafifia, ni alama nzuri.

Usifungue mwenyewe kama haujafundishwa. Kondensateri kubwa zinachunga umeme hata baada ya kutoa fili kwenye prizi, na katika ampli za lampu umeme huo unaweza kuua.

Nyumbani, umeme unapopanda na kushuka, stabilizateri siyo anasa. Mvua ikianza, toa fili kwenye prizi na ya antena. Kuzima butoni tu hakutoshi. Milima yetu ya mashariki ya Kongo ni kati ya fasi zinazopigwa na radi zaidi duniani.

Iliyouzwa na iliyobaki

Mwalimu aliuzisha ile kubwa ya Japani. Ndiyo iliyokuwa na bei, na karatasi zilimwambia kwamba anachopoteza ni sindano mbili za kuangalia. Pesa ilienda shuleni kabla ya mwezi wa tisa kuisha. Ile ya Ulaya nayo aliitoa kwa shemeji yake, kwa deni la zamani.

Zimebaki tatu. NAD kwa siku za umeme, ile ndogo kwa batri, na ile ya marehemu baba. Fundi aliibadilishia kondensateri mbili. Mvumo umepungua, haujaisha. Mama watoto aliuliza kwa nini hiyo haikuuzwa, yenye ilishindwa jaribio kuliko zote.

"Hiyo," mwalimu alijibu, "siisikilize juu ya sauti."